Utaratibu wa Waasisi wa Urubani: Mwongozo Kamili kwa Mbunifu wa Leo

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1903, makundi mawili nchini Marekani yalijaribu kumrusha binadamu kwa ndege yenye injini. La kwanza liliongozwa na Samuel Langley, mkuu wa Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, mwanasayansi mwenye heshima kubwa aliyepewa dola 50,000 na Wizara ya Vita. Ndege yake ilirushwa kutoka juu ya mashua katika Mto Potomac tarehe 7 Oktoba na tena tarehe 8 Desemba, na mara zote mbili ikatumbukia mtoni. Siku tisa baadaye, Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili waliokuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, Ohio, na ambao hawakusoma chuo kikuu, waliruka mara nne juu ya mchanga wa Kill Devil Hills, North Carolina. Mruko wa kwanza ulidumu sekunde 12 na kufika mita 36 hivi. Wa nne ulidumu sekunde 59 na kufika mita 260. Kazi yao yote ya miaka minne, nauli zikiwemo, haikuwagharimu hata dola 1,000.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama ushindi wa wanyonge dhidi ya wakubwa, na kwa kufanya hivyo wanaikosa faida yake. Langley hakuwa mzembe, na injini yake ya nguvu za farasi 52 ilikuwa bora mara nyingi kuliko ya akina Wright, iliyokuwa na nguvu za farasi 12 tu. Kilichowatofautisha ni mpangilio wa kazi, yaani kujua nini kitangulie na nini kisubiri. Mpangilio huo unaweza kufuatwa na yeyote anayetengeneza kitu kipya leo, awe fundi wa vyuma, mtaalamu wa programu za simu au mkulima anayebuni zana yake. Ili hatua zieleweke kwa vitendo, nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: mbunifu wa kando ya Ziwa Victoria anayetaka kutengeneza kikaushio cha dagaa kinachotumia joto la jua, kwa kuwa dagaa wanaoanikwa mchangani huharibika sana majira ya mvua.

Hatua ya kwanza: ligawe tatizo, kisha itafute sehemu ambayo bado haina jibu

Wilbur alipoanza kulishughulikia suala la kuruka mwaka 1899, aliligawa katika mafungu matatu: mabawa ya kuinua chombo, injini ya kukisukuma, na namna ya kukiongoza kikiwa hewani. Kuhusu mabawa, Otto Lilienthal wa Ujerumani alikwisha kuruka mara zipatazo 2,000 kwa mabawa yasiyo na injini. Kuhusu injini, viwanda vya magari vilikuwa vikizipunguza uzito mwaka hadi mwaka. Fungu la tatu ndilo lililobaki tupu, na ndilo lililokuwa likiua watu: Lilienthal mwenyewe alifariki Agosti 1896 baada ya chombo chake kupoteza mwendo na kuanguka, kwa sababu alikiongoza kwa kuhamisha uzito wa mwili wake tu. Wilbur akaamua kuanza na fungu hilo na kuyaweka mengine kando.

Uamuzi huo ni mgumu kuliko unavyosikika, kwa sababu moyo wa binadamu hupenda kuanza na kile anachokimudu. Langley alianza na injini. Mbunifu wetu wa kikaushio naye atatamani kuanza na kabati la mbao lenye kioo na rafu nzuri, ambalo fundi seremala yeyote anaweza kulitengeneza, ilhali swali lisilo na jibu ni jinsi ya kuiondoa hewa yenye unyevu ndani ya kabati siku ambayo jua ni hafifu na nje kuna unyevu vilevile.

Fanya hivi. Chukua karatasi, orodhesha mambo yote ambayo lazima yafanikiwe ili kifaa au huduma yako ifanye kazi, na mbele ya kila jambo andika nani amekwisha kulifanya na wapi. Jambo ambalo mbele yake huna cha kuandika ndilo utakaloanza nalo. Yakiwa mawili au matatu, anza na lile ambalo likishindikana mengine yote hayana maana. Usiliache jambo la mnunuzi nje ya orodha: iwapo akina mama wanaokausha dagaa hawajawahi kulipia ukaushaji, hilo nalo ni fungu tupu.

Hatua ya pili: soma yaliyopo kabla ya kugusa nyundo

Tarehe 30 Mei 1899 Wilbur aliiandikia Taasisi ya Smithsonian akiomba orodha ya maandishi yote kuhusu kuruka, na akatumiwa vijitabu pamoja na majina ya vitabu vya kununua. Mwaka uliofuata alimwandikia Octave Chanute, mhandisi wa Chicago aliyekuwa amekusanya habari za majaribio ya nchi nyingi, na wawili hao wakaandikiana barua kwa miaka kumi. Barua moja ya kuuliza kwa heshima, yenye swali lililo wazi, bado inafungua milango mingi. Mwandikie mhadhiri wa chuo kikuu, kituo cha utafiti wa uvuvi, au mtu aliyejaribu kitu cha namna yako akaacha; huyo wa mwisho ana mengi kuliko wote, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hatua ya tatu: lijaribu lile fungu tupu peke yake, kwa kifaa cha bei ndogo

Siku moja ya Julai 1899, Wilbur akiwa dukani na mteja aliyekuja kununua tyubu ya baiskeli, alishika boksi refu jembamba ambamo tyubu ilikuwa imefungashwa, akawa analipinda huku na huku kwa vidole. Akaona kwamba ncha moja inapoinama mbele, nyingine inainama nyuma, na boksi lenyewe halivunjiki. Alikuwa amekwisha kuwatazama ndege na kuamini kwamba hujirekebisha hewani kwa kupinda ncha za mabawa. Sasa alikuwa na njia ya kulifanya jambo hilo kwa mbao, kitambaa na waya. Alitengeneza tiara ya ghorofa mbili, upana wake mita moja na nusu, yenye kamba za kupinda mabawa kutoka chini, na akairusha uwanjani karibu na nyumbani. Tiara ikatii kamba. Swali kuu la urubani likapata jibu lake la kwanza bila injini na bila mtu kuinua mguu.

Kwa hiyo, kabla ya kutengeneza sampuli kamili, jiulize ni kifaa gani kidogo kuliko vyote kinachoweza kukujibu ndiyo au hapana juu ya lile fungu tupu. Kwa kikaushio kinatosha kipande cha bomba la bati lililopakwa rangi nyeusi, kilichosimamishwa juu ya ndoo yenye dagaa wabichi kidogo, ili kuona kama joto la jua la mawingu linavuta hewa kupanda. Kwa programu ya simu inatosha karatasi na mtu anayejibu ujumbe kwa mkono akijifanya kompyuta. Jaribio la namna hii lisikuchukue zaidi ya wiki. Likizidi, umeshaanza kujenga kabati.

Hatua ya nne: chagua mahali pa kujaribia kwa vigezo, si kwa mazoea

Dayton haikuwa na upepo wa kutosha wala ardhi laini ya kuangukia. Wilbur aliomba takwimu za upepo kutoka Idara ya Hali ya Hewa, akaandikia kituo cha Kitty Hawk, karibu na Kill Devil Hills, na mwaka 1900 akasafiri hadi huko pwani, mahali palipokuwa na mbu, dhoruba na upweke, lakini palipokuwa na upepo wa kudumu na mchanga mtupu. Upepo mkali wa mbele una faida ambayo wengi hawaifikirii: tarehe 17 Desemba 1903 ulivuma kwa zaidi ya kilomita 40 kwa saa, hivyo ndege ya Orville, ijapokuwa ilikata hewa kwa kasi, iliipita ardhi kwa kilomita 11 tu kwa saa, na kwa kasi hiyo mtu huanguka akainuka. Nawe tafuta mahali ambapo hali ngumu unayoitaka inapatikana mara nyingi, na ambapo kushindwa hakuleti madhara makubwa. Kikaushio kisijaribiwe Januari penye jua kali eti kwa sababu ndipo una nafasi.

Hatua ya tano: namba zikikataa, pima mwenyewe

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo wabunifu wengi huacha, na hapa ndipo akina Wright walipokaribia kuacha.

Glaida yao ya mwaka 1901, yaani ndege isiyo na injini, kubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kurushwa hadi wakati huo, ilitoa takriban theluthi moja tu ya nguvu ya kuinua ambayo hesabu ziliahidi. Hesabu hizo zilitegemea majedwali ya Lilienthal, na pia namba moja ya kukadiria shinikizo la hewa, 0.005, iliyokuwa ikinakiliwa vitabuni tangu ilipochapishwa na mhandisi Mwingereza John Smeaton mwaka 1759. Ndugu hao walirudi Dayton wamevunjika moyo. Wangeweza kuongeza ukubwa wa mabawa na kubahatisha tena mwaka uliofuata, kama walivyofanya wengi kabla yao. Badala yake waliuliza kama kweli namba wanazozitumia ni sahihi.

Kwanza walifunga gurudumu la tatu likiwa limelala mbele ya usukani wa baiskeli, wakalibandika kipande cha bawa na kipande cha bati bapa, wakaendesha kwa kasi mitaani ili waone kipi kitamshinda mwenzake. Kipimo kiliwaonyesha kwamba majedwali yana walakini, lakini hakikuwapa namba. Ndipo wakatengeneza handaki la upepo: sanduku la mbao lenye urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 40, lenye kidirisha cha kioo juu, na feni iliyozungushwa na injini ya karakana. Ndani yake waliweka mizani iliyotengenezwa kwa vipande vya nyembe za msumeno wa chuma na waya wa spoku za baiskeli. Mtu asiyejua angeitupa pamoja na vyuma chakavu. Lakini itazame kwa makini uone ilivyofikiriwa: mizani ile haikupima nguvu ya bawa moja kwa moja, bali ililinganisha nguvu ya kuinua ya kibawa cha mfano na nguvu ya upepo juu ya vibati bapa vilivyokuwa katika upepo uleule kwa wakati uleule. Feni ikiongeza au kupunguza kasi, pande zote mbili ziliathirika sawasawa, na jibu halikubadilika. Hawakuweza kuudhibiti upepo wao kikamilifu, basi wakaunda kipimo ambacho hakikuujali.

Kati ya Oktoba na Desemba 1901 walijaribu vibawa vya maumbo yapatayo 200, kisha wakapima kwa kina yale yaliyoonyesha dalili nzuri. Matokeo yaliwashangaza wao wenyewe. Lilienthal, ambaye walikuwa wamemshuku, hakuwa amekosea sana. Kosa kubwa lilikuwa katika ile namba ya Smeaton, ambayo thamani yake halisi ilikaribia 0.0033, na pia katika kuyatumia majedwali ya Lilienthal kwa mabawa ya umbo tofauti na lake. Kupotea njia ndiko kujua njia, lakini kwa sharti kwamba aliyepotea amesimama na kuangalia alikopita.

Utaratibu wa kufuata ni huu. Matokeo yakipungukiwa na matarajio, usibadilishe kifaa kwanza. Orodhesha kila namba uliyoipokea kwa mtu mwingine bila kuipima, iwe ni joto linalotajwa katika kijitabu, bei iliyotajwa na dalali au idadi ya watumiaji iliyo katika ripoti. Ipange kuanzia ile ambayo ikiwa na kosa itakuumiza zaidi, na uipime mwenyewe. Unda kipimo chako kwa njia ya ulinganisho, ili yale usiyoyaweza yafutane: chukua dagaa wa mtumbwi mmoja, wagawe mafungu mawili yenye uzito sawa, moja liingie kwenye kikaushio na jingine lianikwe nje saa ileile, na upime uzito wa yote mawili kila baada ya saa moja. Jua likifichwa na mawingu, limefichwa kwa mafungu yote. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Katika daftari andika tarehe, hali ya hewa, kilichobadilishwa, matokeo unayoyatarajia, na baadaye matokeo uliyoyapata. Safu ya matarajio ijazwe kabla ya jaribio, kwa kuwa baada yake kila mtu hujidai alijua.

Hatua ya sita: jifunze kukitumia kifaa chako kabla hujakiongezea nguvu

Wilbur alikadiria kwamba Lilienthal, katika miaka yake yote mitano ya kuruka, alikaa hewani saa tano tu kwa jumla, na akaona kwamba hakuna anayeweza kuwa mwendesha baiskeli hodari kwa mazoezi ya namna hiyo. Kwa hiyo mwaka 1902 walirudi Kill Devil Hills na glaida mpya yenye mabawa ya karibu mita 10, iliyotokana na vipimo vya handakini, wakaruka kati ya mara 700 na 1,000 katika majira hayo. Mazoezi hayo yaliwaonyesha kasoro ambayo hakuna hesabu ingewaonyesha: mara nyingine bawa moja lilishuka, chombo kikajizungusha na kuchimba mchanga, kwa sababu mkia wao ulikuwa umefungwa usigeuke. Orville akapendekeza mkia ugeuke, Wilbur akaongeza kwamba kamba zake ziunganishwe na zile za kupinda mabawa, na kuanzia hapo chombo kikawa kinaongozeka. Manly, rubani wa Langley, alipanda ndege yenye injini kubwa bila kuwahi kuruka kwa chombo chochote.

Kwa mbunifu wa leo hii inamaanisha kuitumia sampuli yake mwenyewe, kila siku, katika kazi halisi, kabla ya kutafuta mkopo wa kuikuza. Lala karibu na kikaushio. Kilishe, kisafishe, kijaze na kukimwaga kama atakavyofanya mnunuzi aliyechoka saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya saba: nguvu ije mwisho, na iwe ya kutosha tu

Hesabu zao zilionyesha kwamba ndege ingeruka kwa injini ya nguvu za farasi 8 isiyo nzito. Viwanda walivyoviandikia havikuwa nayo, hivyo fundi wao, Charlie Taylor, akaitengeneza dukani kwa wiki sita, ikatoa nguvu za farasi 12. Haikuwa injini nzuri kwa kipimo chochote isipokuwa kimoja: ilitosheleza hesabu. Kazi kubwa zaidi waliifanya kwenye rafadha, yaani panga zinazozunguka kuisukuma ndege, baada ya kugundua kwamba hata wajenzi wa meli walizitengeneza kwa kubahatisha. Waliamua kuihesabu rafadha kama bawa linalozunguka, wakalitumia jedwali lao wenyewe la handakini. Walibishana kwa wiki nyingi, na mara nyingine kila mmoja aliishia kuushika msimamo aliokuwa nao mwenzake mwanzoni. Ukiwa na mshirika wa kubishana naye hivyo, bila kununiana, mtunze.

Tahadhari ya usalama isisubiri hatua yoyote. Ndugu hao walimwahidi baba yao kwamba hawataruka pamoja, ili ajali moja isiwachukue wote wawili pamoja na ujuzi wao, na waliruka pamoja mara moja tu, Mei 1910, kwa idhini yake. Hata hivyo, tarehe 17 Septemba 1908 huko Fort Myer, Virginia, rafadha ya ndege ya Orville ilipasuka, akajeruhiwa vibaya, na abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, akafariki. Rafadha hizo zilikuwa ndefu kuliko zilizotumika awali. Badiliko dogo katika kifaa kinachofanya kazi ni kifaa kipya, na linastahili majaribio mapya bila mtu mwingine ndani.

Hatua ya nane: tenga muda kati ya kufanikiwa na kufaa

Sekunde 59 za mwaka 1903 hazikuwa na mnunuzi. Ndugu hao walihamia malisho ya ng'ombe ya Huffman Prairie karibu na Dayton, ambako upepo mdogo uliwalazimisha kujenga mnara wenye uzito wa kuangusha ili kuisukuma ndege ipae. Walizunguka duara kamili kwa mara ya kwanza Septemba 1904, na tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur akaruka kilomita 39 kwa dakika 39. Miaka karibu miwili ilipita kati ya kuthibitisha na kuwa na chombo chenye matumizi. Weka bajeti ya kipindi hiki tangu mwanzo, kwa sababu wafadhili hupenda kulipia siku ya kwanza, nao wanunuzi hulipia ya mwisho, na katikati hapana mtu.

Hatua ya tisa: linda kilicho kipya, kisha kionyeshe

Akina Wright waliomba hataza, yaani haki ya kisheria juu ya ubunifu wao, tarehe 23 Machi 1903, kabla hata hawajaruka kwa injini. Maombi waliyojiandikia wenyewe yalikataliwa. Wakili Harry Toulmin aliyaandika upya, na hataza ikatolewa tarehe 22 Mei 1906. Haikudai ndege, bali namna ya kuiongoza, yaani lile fungu tupu la hatua ya kwanza. Kwetu maombi hupelekwa kwenye ofisi zinazosajili hataza: BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya na URSB kwa Uganda, au ARIPO, shirika la nchi za Afrika lililo mjini Harare, kwa anayetaka ombi moja lihusishe nchi kadhaa wanachama. Peleka ombi kabla ya kukitangaza kifaa chako, kwa sababu hataza hutolewa kwa kitu kipya, na picha uliyoiweka mtandaoni inaweza kukuondolea sifa hiyo.

Hapo mfano wao unaacha kuwa wa kuigwa. Wakiogopa kuibiwa, hawakuruka kabisa kuanzia Oktoba 1905 hadi Mei 1908, na walikataa kuionyesha ndege kwa mnunuzi asiyesaini mkataba kwanza. Katika kimya hicho, tarehe 12 Novemba 1906, Mbrazili Alberto Santos-Dumont aliruka mita 220 mjini Paris mbele ya umati, na Ulaya ikampa heshima ya kuwa wa kwanza. Tarehe 8 Agosti 1908 Wilbur alipopaa karibu na Le Mans kwa muda usiofika dakika mbili, akikata kona kwa utulivu, mabishano yote yalikwisha. Miongoni mwa waliokuwa wakitazama siku hiyo alikuwa Louis Blériot, mtengenezaji wa taa za magari aliyeharibu ndege nyingi na fedha nyingi bila kufanikiwa. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Julai 1909, alivuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza, na maagizo ya ndege yake yakapita 100.

Akina Wright wakaingia mahakamani kwa ajili ya hataza yao dhidi ya Glenn Curtiss, mtengenezaji mwingine wa ndege, na wengineo. Wilbur alifariki kwa homa ya matumbo mwaka 1912 akiwa na miaka 45, kesi ikiwa bado inaendelea. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani, serikali ilisukuma watengenezaji waweke hataza zao pamoja kwa ada maalumu, na marubani wake walikwenda kupigana huko Ulaya kwa ndege za Kifaransa. Kwa hiyo, siku ileile unapopeleka ombi la hataza, mwombe wakili akuandalie pia mkataba wa leseni kwa mafundi watakaotaka kutengeneza kikaushio chako, ukitaja ada ambayo fundi wa kawaida atapendelea kuilipa kuliko kukuiga kwa siri, muda wa mkataba, nchi zinazohusika, na viwango vya ubora ambavyo kila kikaushio lazima kivifikie kabla hakijauzwa.